Sindano za Kibirichia

Jumatano, 2 Julai

Baridi ya hapa ina kiburi. Kwetu Tukuyu nako kuna ukungu na mvua isiyokata, lakini kila nikijifunika shuka la pili wenyeji wananihurumia, "Pole, Mwinjilisti, Tanzania ni joto," kana kwamba nchi nzima ni Dar es Salaam. Nimechoka kueleza. Siku hizi nasema asante.

Nimekuja hapa Mei. Makanisa mawili yamebadilishana watumishi: Kibirichia walimpeleka muuguzi kwetu, na kwetu wakanileta mimi, Atuganile, nihudumu na wanawake na watoto wa Jumapili mwaka mzima. Nadhani waliposikia mmishenari anatoka nje ya nchi walijiandaa kumpokea mzungu mwenye kisima. Niliposhuka kwenye gari na begi moja na gitaa, mama mmoja alichungulia nyuma yangu kuona kama kuna mwingine anayeshuka. Wazee wa kanisa wakaniuliza mradi wangu ni upi. Nikasema Injili. Katibu akaandika, "Mradi: bado."

Naishi kwa Ciakuthii, mjane mwenye shamba la viazi na ng'ombe mmoja mwenye hasira. Tunaelewana, mimi na yule mama. Ng'ombe bado.

Ijumaa, 4 Julai

Ukungu. Nguo nilizoanika Jumanne hazijakauka.

Jumapili, 6 Julai

Nimefundisha watoto wimbo mpya. Wananicheka Kiswahili changu. "Mwalimu anaongea kama redio," alisema mmoja, na mama yake akamfinya huku naye anacheka.

Baada ya ibada Mzee Kailemia alinipeleka nyumbani na gari lake. Huyu ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na ndiye mnunuzi wa viazi wa mteremko huu wote. Ana lori. Mabati ya kanisa aliyaweka yeye, blanketi ninalolalia ni lake, na ndiye aliyenifuata Meru mjini siku niliyofika. Mtu mpole, anauliza habari za mama yangu kwa jina. Nilimwandikia mama kwamba Mungu ameniwekea baba mwingine huku.

Mkewe, Phyllis, ni kitu kingine. Ndiye kiongozi wa Ushirika wa Wanawake. Hasemi. Ananiangalia viatu.

Jumatano, 9 Julai

Leo nimeona jambo na nina hasira mpaka sasa.

Lori la Kailemia lilikuja kwa jirani yetu kubeba viazi. Nilikwenda kusaidia kuokota. Gunia likajazwa mpaka mdomoni, mimi nikadhani basi, limejaa. Halikuwa limejaa. Wakaleta kipande cha gunia jingine, kikashonwa juu ya mdomo, vikamwagwa viazi vingine, vikapanda, halafu mwanamke akachukua shazia, ile sindano ndefu ya magunia, akafuma kamba juu yake kama wavu mpaka likatulia na kitambi chake. Likahesabiwa gunia moja.

Lumbesa. Jina ni lilelile la kwetu. Baba yangu alikuwa anasimama pembeni ya shamba, mikono nyuma, anaangalia gunia likipanda na hasemi kitu. Mimi nilikuwa nasema, na nilikuwa napigwa. Nimevuka mpaka na nusu ya Kenya nikidhani nimeiacha nyuma, kumbe imeniwahi.

Kilichonichoma zaidi ni wanaofuma. Ni wanawake wa Ushirika, walewale tunaosali nao Alhamisi. Kila mwenye shazia huku ni mshirika wetu. Vijana walijaribu kazi hiyo, nikaambiwa, viazi vikamwagika barabarani kabla ya kufika mjini. Kufuma kile kitambi kunahitaji mkono, na mkono mzuri kuliko yote ni wa Phyllis. Anafuma haraka bila kuangalia. Leo anafunga gunia la jirani yake, kesho jirani anafunga la kwake.

Nilimuuliza Ciakuthii tukiwa jikoni. Hata yeye alifuma ujanani, shazia yake iko bado, imechomekwa kwenye boriti juu ya jiko.

"Na sheria je?" nikasema. "Si inakataza?"

"Sheria iko. Lakini sheria haina lori."

Jumapili, 13 Julai

Nilipewa zamu ya kuhubiri. Nikahubiri kipimo. Sikutaja mtu. Nilisema mtu akikununulia gunia moja akachukua moja na nusu, ile nusu ina jina, na jina lake si biashara. Nikasema na anayeshika sindano ashike moyo wake kwanza.

"Amina" zilizotoka nazijua kwa majina, kwa sababu zilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya mzee asiyesikia vizuri. Mlangoni watu walinipa ncha za vidole. Chai ya wazee nilisikia harufu yake tu.

Sijutii.

Jumatatu, 14 Julai

Hakuna aliyekuja mazoezi ya kwaya. Nimepiga gitaa peke yangu mpaka vidole vikauma.

Jumatano, 16 Julai

Kailemia amekuja na mtungi wa gesi mabegani, kauweka jikoni mwenyewe, kauunganisha, kaujaribu. Kisha akakaa.

"Mwinjilisti, mimi sina ubaya na wewe. Lakini hii kanisa nimeijenga. Sasa unanihubiri mbele ya bibi yangu?"

"Nilihubiri gunia, mzee. Sikutaja jina."

"Hapa Kibirichia, gunia ni mimi."

"Basi tumeelewana."

Alicheka, kwa kweli alicheka, na hapo nilimpenda kidogo bila kutaka. Halafu akasimama, akafunga koti.

"Hata mimi huko Nairobi wananifinya. Nikipeleka gunia ndogo, wananirudisha nayo. Wewe hujui hiyo. Na nikwambie kitu: wewe utaenda kwenu. Hawa watabaki na mimi."

Gesi nimeikataa. Nimemwambia airudishe kwenye gari. Aliiacha. Nimeitoa nje, iko chini ya paa la ng'ombe, na ng'ombe anaiangalia jinsi anavyoniangalia mimi.

Maneno yake hayatoki kichwani.

Jumamosi, 19 Julai

Tumechimba. Huku viazi havichimbwi mpaka mnunuzi atoe siku, kwa sababu vikishatoka ardhini havina pa kukaa. Kailemia alituma neno kwamba lori litafika kwetu Jumatatu asubuhi, basi tukaita majirani na shamba zima likageuzwa. Viazi vizuri, vikubwa, ngozi safi. Ciakuthii aliviangalia kama watoto waliooga.

Usiku wa leo vimelala nje, rundo refu kando ya njia, tukavifunika nyasi.

Jumatatu, 21 Julai

Lori limepita.

Tulikuwa tumesimama njiani tangu alfajiri, mimi, Ciakuthii na majirani wawili wa kusaidia kupakia. Tulilisikia likipanda. Dereva alituona. Alitoa mkono dirishani akatusalimu, akaenda mpaka shamba la juu yetu, akapakia huko, akarudi, akatusalimu tena.

Ciakuthii alichukua ndoo ya maziwa. Alikwenda kukamua.

Jioni mvua ikaanza, Julai hii isiyo na mvua.

Jumanne, 22 Julai

Mvua. Nyasi haziwezi. Nimempigia simu Kailemia, hakupokea.

Jumatano, 23 Julai

Mvua, na leo nimefanya jambo.

Kanisani kuna turubai kubwa la Sikukuu ya Mavuno, limekunjwa nyuma ya madhabahu, linasubiri Jumapili ya kwanza ya Agosti. Ufunguo wa kanisa ninao kwa ajili ya watoto wa Jumapili. Nilikwenda na mkokoteni wa jirani, nikalichukua, tukafunika viazi. Katibu wa wazee alikuja akanikuta naweka mawe pembeni.

"Madam, hiyo ni mali ya kanisa."

"Na huyu mama ni wa nani?"

Alinukuu kikao kilichonunua turubai. Nilimwambia akitaka alivute, ila avute mbele ya mwenye viazi. Aliangalia mvua, akaangalia viatu vyake, akaondoka.

Ijumaa, 25 Julai

Pasta Njue amepanda kutoka Embu na pikipiki, amelowa mpaka soksi. Ndiye mchungaji wetu na ana makanisa mengi ya kuzunguka, hivyo tunamwona mara chache. Si mtu mbaya. Ni mtu anayetaka kila mtu arudi nyumbani ameridhika, na kwa hiyo kila mara kuna mmoja anayeambiwa avumilie.

Leo alikuwa ni mimi. Niombe msamaha mbele ya kanisa siku ya Mavuno, kwa mahubiri na kwa turubai. Mzee Kailemia atasamehe, lori litakuja Jumatatu yake, na tutaimba.

"Na nikikataa?"

"Atuganile, plisi. Usinifanye nikuandikie kwenu."

"Andika, Pasta. Andika na habari ya gunia, usiisahau."

Alikunywa uji, akaaga. Nilijiona shujaa mpaka nilipofunua turubai. Pembeni ya rundo maji yamepita chini, na pale viazi vimeanza kunuka. Viazi vya mwenzangu. Mimi nikishindwa napanda basi. Yeye akishindwa anakaa na njaa mpaka msimu ujao. Ushujaa wangu nimeukopa kwake bila kumwomba.

Jumamosi, 26 Julai

Nimemwambia Ciakuthii nitaomba msamaha. Tulikuwa tunachambua viazi, vizima huku, vilivyooza kule. Nilikuwa nimelia tayari, kwa hiyo nilisema kwa sauti ya kawaida.

Hakuacha kuchambua. "Utaomba kwa sababu ulikosa?"

"Hapana. Kwa sababu ya viazi."

"Hizo ni waru za nani?" Waru ndiyo viazi kwa lugha yao.

"Zako, Mama."

"Basi usiombe msamaha na waru zangu. Kama unataka kuomba, omba na zako."

Kisha akaniambia niinue miguu, nimekanyaga vizima.

Nilidhani mimi ndiye nimekuja kumtia moyo mtu. Naona aibu na nina furaha, vyote kwa pamoja.

Jumatatu, 28 Julai

Mvua imekata. Ciakuthii alitoka jioni kwenda kuazima chumvi.

Jumanne, 29 Julai

Tena ameenda kuazima chumvi.

Alhamisi, 31 Julai

Chumvi, nyumba nyingine. Nimemwonyesha kopo letu, limejaa. Akasema hiyo ni ya ng'ombe. Nimeonja, si ya ng'ombe.

Ushirika wa Wanawake walikutana kwa Phyllis. Mimi sikualikwa, nimesikia tu nyimbo kutoka huku bondeni.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimerudisha turubai, nimelifua, limeniumiza mgongo. Kesho Pasta atasimama na kusema, "Mwinjilisti ana neno." Neno nimeliandaa. Ni fupi: sina.

Jumapili, 3 Agosti

Nataka kuandika hii yote kabla sijalala.

Kanisa lilijaa mpaka nje chini ya turubai. Kabeji, maharagwe, kuku waliofungwa miguu, maziwa kwenye chupa za soda, mbuzi mmoja aliyelia katika kila maombi. Na viazi, mafungu kwa mafungu. Sadaka ya mavuno hapa hupelekwa mbele, inaombewa, halafu inauzwa kwa mnada palepale na watu wananunua mbuzi wa Bwana kwa bei ya kujionyesha. Shemasi Stephen ndiye mnadishaji, na nadhani aliitwa na Mungu kwa kazi hiyo tu.

Kabla ya sadaka Pasta Njue alisimama. "Mwinjilisti ana neno."

Nilisimama. Nikasema, "Turubai nililichukua bila ruhusa, nimelirudisha likiwa safi, na mvua ikinyesha tena nitalichukua tena. Mahubiri sijayapunguza na siyapunguzi. Bwana asifiwe."

Hakuna aliyejibu Bwana asifiwe. Pasta alifumba macho. Kailemia, kwenye kiti chake cha mbele, alitikisa kichwa polepole, kwa huzuni ya mtu mkarimu asiyethaminiwa.

Kwaya ikaanza, watu wakapanga mstari na sadaka zao. Ciakuthii alikuwa miongoni mwa wa kwanza, amevaa kitambaa chake cheupe, mikono mitupu. Nilijua hana cha kupeleka, na nikainama nisimwone. Nikasikia kitu cha chuma kikigonga sahani ya sadaka.

Ilikuwa shazia yake, ile ya kwenye boriti, bado nyeusi kwa moshi.

"Sina waru nzuri," alisema, si kwa sauti kubwa, lakini kwaya ilikuwa imefika pa kuvuta pumzi. "Hii nimempa Mungu. Mimi sitashona nayo tena."

Nyuma yake alikuwa jirani yetu, Karimi, na gunia dogo la maharagwe kichwani. Aliweka maharagwe chini. Akaingiza mkono kwenye mshipi wa kanga, akatoa shazia, akaiweka juu ya sahani. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Sikuwa najua. Naapa sikuwa najua, na sasa ndiyo naelewa ile chumvi yote. Walikuja mmoja mmoja wakiimba, na kila chuma kiligonga sahani, na mbuzi akanyamaza, labda kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Phyllis hakusimama. Alikaa karibu na mumewe, mkoba magotini.

Mnada ukafika. Kuku, kabeji, mbuzi. Kisha Stephen akashika lile fungu la sindano, na hata yeye alikosa utani. "Hii... hii ni sadaka ya akina mama. Nani ataanza?"

Kailemia alisimama akitabasamu. Alitaja bei ya kununua ng'ombe, si sindano. Watu wakapiga makofi kidogo, kwa mazoea. Hakuna aliyemfuata, na Stephen akamkabidhi. Huyu mtu anajua kushinda kwa ukarimu, nikawaza.

Aligeuka, akamwendea Karimi kwenye benchi. "Karimi, Mungu amebariki. Shika kazi yako. Kesho lori inatoka."

Karimi alificha mikono chini ya kanga.

Akaenda kwa wa pili. "Chukua, mama."

Wa pili alikuwa anaangalia kitabu cha nyimbo, na alikuwa amekishika juu chini. Akaenda kwa wa tatu, wa nne. Alikuwa bado anatabasamu lakini tabasamu lilikuwa limekaa vibaya. Mwenyekiti wetu alisimama katikati ya njia na fungu la sindano mkononi, hana wa kumpa. Sindano unaweza kununua. Mkono je?

Ndipo Phyllis akasimama. Alimfuata mumewe, akazichukua zote mkononi mwake, akazitia kwenye mkoba, akafunga zipu. "Twende nyumbani, Baba Mwenda," akasema. "Chai inapoa."

Wakatoka. Ciakuthii alitazama ule mlango muda mrefu. Mimi nimekasirika mpaka kichwa kinauma. Mfumaji mmoja kama Phyllis anatosha kujaza lori zima, na yeye amebeba sindano zote.

Jumatatu, 4 Agosti

Nilikosea kuhusu Phyllis. Naiandika kwa herufi nzuri.

Lori lilikuja kwetu, kwetu kwanza, kabla ya shamba lolote. Phyllis alikuwa amekaa mbele kati ya dereva na Kailemia. Alishuka, akafunga kanga juu ya gauni lake zuri, akatoa shazia. Niliitambua kwa weusi wa moshi.

Wapakiaji walijaza gunia mpaka mdomoni. Mmoja akaleta kile kipande cha juu. Phyllis hakukipokea. Akakunja mdomo wa gunia, akaanza kushona, tambarare, mshono mmoja mrefu kutoka pembe hadi pembe. Likawa gunia. Gunia tu, bila kitambi. Kwetu sijapata kuona moja.

"Mama Mwenda," Kailemia alisema, "hiyo umefunga mapema."

"Imejaa."

"Bado kuna nafasi juu."

Alikata kamba kwa meno. "Juu si ya gunia. Leta ingine."

Nilimwangalia Kailemia. Nilitaka kuona mtu mwovu, kwa kweli nilihitaji, na nikaona mtu aliyeoa mwanamke huyu na hakumjua mpaka asubuhi hii. Aliwaza Nairobi, aliwaza oda yake, aliangalia mteremko mzima wa mashamba ambako hakuna mkono mwingine wa kumfumia. Akavua koti, akashika pembe ya gunia la pili ili mkewe ashone vizuri.

Bei ameishusha kidogo. Hilo nalo litapiganiwa. Na rundo la vilivyooza bado liko pale, si dogo, na Ciakuthii atakula kwa uangalifu mpaka mvua za Oktoba. Lakini alisimama karibu na magunia yake mikono kiunoni, na alipomwona Phyllis anamaliza la mwisho akamwambia, "Mshono wako umepinda." Wakacheka wote wawili mpaka Phyllis akakaa chini.

Jumatano, 6 Agosti

Jua. Nguo zimekauka. Phyllis amepita, ameniangalia viatu, akaniletea vingine.

Jumapili, 10 Agosti

Pasta Njue amenipa habari baada ya ibada, nje, akizungusha ufunguo wa pikipiki. Kikao kimekaa. Turubai halikusamehewa. Nimehamishwa kumalizia mwaka wangu Embu, kule chini kwenye ukame upande wa Mbeere. Kuna joto, alisema, nitafurahi, ni kama Tanzania.

Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimefungua mdomo. Ciakuthii aliyekuwa nyuma yangu akanishika kiwiko.

"Enda," akasema. "Sisi tuko sawa."

Na nikaona ni kweli. Kailemia alisema mimi nitaondoka na hawa watabaki na yeye. Amesema kweli. Lakini naye amebaki na wao.

Nimefunga begi na gitaa. Ule mtungi wa gesi nimeurudisha jikoni, nimemwachia Ciakuthii, awashe bila kumshukuru mtu. Yeye amenipa shazia yake. Phyllis alimrudishia, naye kaisugua moshi wote, inang'aa. Nimeitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, ncha juu.

"Pasta," nilimuuliza tulipokuwa tunaagana, "huko wanalima nini?"

"Ndengu, sana sana."

"Choroko, kumbe. Na wanunuzi wanapima kwa kipimo gani?"

Aliangalia pikipiki yake. Aliangalia Mlima Kenya, ambao leo ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nyuma yangu Ciakuthii alianza kucheka polepole, kwa sababu anayajua yale makopo ya kupimia nafaka, yale yanayogongwa tako kwa nyundo mpaka yanashuka chini na kumeza zaidi ya yanavyostahili.

"Atuganile," Pasta alisema, "tafadhali."

"Nimeuliza tu, Pasta."

"Gorogoro," akasema. "Wanapima kwa gorogoro."

Basi linaondoka saa moja asubuhi.